Sura ya Nne: Merikani, Nguo Iliyokuwa Fedha

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akijiandaa kwenda bara kumtafuta David Livingstone. Swali lililomsumbua kuliko mengine lilikuwa la nguo: achukue kiasi gani, na za aina ipi? Aliwaendea wafanyabiashara wa Kiarabu waliokwisha kufika Unyamwezi, nao wakampa hesabu yao. Watu 100 huhitaji doti 10 za nguo kila siku kwa ajili ya chakula. Kwa hiyo mwaka mmoja wa safari, kama alivyoandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1872, ulitaka doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za nguo za rangi. Jumlisha, utapata 3,650, yaani doti 10 kwa siku 365.

Hakuna mtu hata mmoja katika msafara ule ambaye angeweza kuvaa nguo zote hizo. Hazikuwa za kuvaliwa njiani. Zilikuwa za kutumiwa, kama tunavyotumia noti leo. Pwani palikuwa na riale ya fedha, ile yenye sura ya Maria Theresa, lakini kadiri mtu alivyozidi kwenda bara ndivyo riale ilivyopoteza nguvu, na nafasi yake ikachukuliwa na vitu vitatu: ushanga, waya na nguo. Katika nguo, ya kwanza kutajwa ilikuwa merikani.

Leo kijana wa Dar es Salaam au Mombasa akilisikia neno hilo atadhani ni matamshi ya kizamani ya jina la nchi. Hajakosea sana. Lakini kwa muda mrefu wa karne ya 19, kwa watu wengi kati ya pwani na maziwa makuu, merikani haikuwa nchi. Ilikuwa kitambaa cha pamba, kizito, kisichopaushwa wala kutiwa rangi, chenye weupe wa kufifia unaoelekea manjano. Watu walikivaa, wakakipima, wakagombania bei yake na kuzikwa nacho bila ya kuwahi kumwona Mmarekani.

Kutoka Salem hadi Forodhani

Nguo hiyo ilifika kwa majahazi makubwa ya bandari ya Salem, katika jimbo la Massachusetts. Mabaharia wa Salem walikuwa wamezoea kwenda mbali: walifuata pilipili Sumatra na kahawa Mocha. Katika miaka ya 1820 wakaanza kupita Unguja, na wakakuta bidhaa zilizowafaa. Pembe za ndovu zilitakiwa kwao kwa vitana na vibao vya piano. Sandarusi, ule utomvu wa kale uliochimbwa ardhini katika pwani ya Mrima, ulitakiwa kwa kutengenezea vanishi. Ngozi nazo zilikuwa na soko.

Mfanyabiashara mwingine wa Marekani, Edmund Roberts wa Portsmouth, alifika Unguja mwishoni mwa miaka hiyo na kurudi kwao akiishauri serikali yake itafute mkataba. Rais Andrew Jackson akamtuma yeye mwenyewe. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, Roberts na Sayyid Said bin Sultan wakatia saini mkataba wa urafiki na biashara uliowapa Wamarekani ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa walizoshusha. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawasili Unguja kuwa konseli wa kwanza wa Marekani. Konseli wa Uingereza, Atkins Hamerton, alikuja miaka minne baadaye. Waters alifanya biashara kwa ukaribu na Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi aliyekuwa amekodi ushuru wote wa forodha ya Sultani, na kwa njia hiyo nguo ya Massachusetts ikapata mlango mpana wa kuingia sokoni.

Safari haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid Said lililoitwa Sultana lilitia nanga New York, likiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, pamoja na zawadi za Rais Martin Van Buren. Wamarekani walilifanyia matengenezo jahazi hilo kwenye karakana ya jeshi lao la majini, na mchoraji Edward Mooney akamchora mjumbe akiwa amevaa kilemba na joho. Liliporudi, miongoni mwa shehena yake yalikuwamo marobota ya nguo ileile ambayo pwani ilikwisha kuipa jina.

Na jina lenyewe lilipatikana kwa njia iliyozoeleka. Nguo nyingi za pwani zimebeba pasipoti ya mahali zilikotoka au ya ulimi wa aliyezileta. Leso ni lenço ya Wareno. Bafta ni neno la Kiajemi lenye maana ya kitu kilichofumwa. Melimeli imetoka kwenye malmal ya Kihindi. Nguo ya Waingereza iliitwa ulaya, na nguo ya Wamarekani ikaitwa merikani. Muuzaji alitaja asili yake mara moja, na mnunuzi akajua ubora wake.

Ubora huo ndio uliolipa jina uzito. Nguo ya Kiingereza ya bei rahisi ilitiwa wanga mwingi ili ionekane nene dukani. Ilipofuliwa mara ya kwanza, wanga ulitoka na ulegevu wake ukaonekana. Ile ya Massachusetts ilisimama. Mnunuzi wa Tabora hakuhitaji kujua kusoma ili atambue tofauti: aliisugua kwa vidole, akaivuta, akaangalia chapa ya kiwanda iliyopigwa kwenye ncha ya jora. Watengenezaji wa Manchester walipoona wanashindwa, baadhi yao walianza kuiga nguo hiyo pamoja na chapa zake. Kuigwa chapa ni ushahidi mkubwa wa sifa ya bidhaa, jana na leo.

Mkono, shuka, doti

Fedha yoyote lazima igawanyike, na merikani iligawanyika vizuri. Richard Burton, aliyekwenda bara mwaka 1857 pamoja na John Speke, aliandika vipimo vyake kwa makini ya karani wa benki. Kipimo cha chini kilichotumika sana kilikuwa mkono, yaani kutoka kisigino cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati, kiasi cha nusu yadi. Mikono miwili ilifanya upande. Pande mbili zilifanya shuka, yadi mbili, nguo ya kumtosha mtu mmoja kujifunga kiunoni. Shuka mbili zilifanya doti, yadi nne. Doti saba hadi kumi na moja, kwa kutegemea kiwanda, zilifanya jora moja.

Utaona kwamba ngazi hii yote imejengwa juu ya mwili wa binadamu. Mkono ni kiungo chake, shuka ni vazi lake, doti ni vazi kamili la juu na la chini. Ndiyo sababu ilieleweka kila mahali bila mizani wala mwalimu. Ndiyo sababu pia ilizua ugomvi kila mahali, maana mkono wa mtu mrefu haulingani na wa mtu mfupi, na kila upande ulikuja sokoni na mpimaji wake.

Merikani yenyewe imepungua madukani, lakini ngazi yake haijafa. Mwanamke anayekwenda kununua kanga bado anaomba doti, na anapewa vipande viwili vilivyoungana. Neno hilo lilianzia kwenye dhoti ya Kihindi, vazi la kiume la kufunga kiunoni. Huku kwetu likawa kipimo, kisha likatua kwenye vazi la kike. Shuka imehamia kitandani, na pia imekaa mabegani mwa Wamasai, ambao baada ya ngozi walijifunga pande za merikani zilizopakwa ngeu nyekundu, kabla ya kuja kwa shuka za miraba tunazozijua. Jora bado linasimama wima kwenye duka la vitambaa, na fundi cherehani bado anaulizwa jora zima lina yadi ngapi.

Posho na hongo

Maneno mawili mengine yaliyopita kwenye mikunjo ya nguo hii yamefika mbali zaidi, hata kwenye siasa zetu.

La kwanza ni posho. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo wa frasila mbili, kiasi cha kilo 32, kutoka Bagamoyo alikuwa na ujira wake wa safari nzima, na mbali na ujira alipewa posho: chakula, au nguo ya kubadilisha kwa chakula vijijini. Zile doti 10 za kila siku katika hesabu ya Stanley zilikuwa posho. Msafara uliokwisha nguo ulikwisha chakula, na uliokwisha chakula ulikwisha watu, kwani wapagazi hawakuona haya kuweka mizigo chini na kurudi kwao.

Nchini Kenya na Uganda neno hilo limebaki karibu na tumbo. Posho ni unga wa mahindi, au ugali wenyewe, na mashine ya kusaga inaitwa kinu cha posho. Tanzania limepanda cheo likaingia ofisini: posho ya safari, posho ya kikao, posho ya kujikimu. Mbunge anayetetea posho yake na mpagazi aliyedai shuka yake jioni wanatumia neno moja kwa haki ileile, malipo ya kumwezesha mtu kula akiwa kazini mbali na kwake.

La pili ni hongo. Misafara iliyopita Ugogo ilikuta nchi kavu yenye visima vichache, na visima vilikuwa na wenyewe. Mtemi alidai hongo kabla ya kuruhusu maji, chakula na njia. Hongo ilikuwa ada ya wazi, iliyojadiliwa kwa siku kadhaa mbele ya wajumbe wa pande zote, na iliyolipwa kwa doti za merikani, kaniki na nguo za rangi zilizochaguliwa kwa kufuata hadhi ya mtemi. Wasafiri wa Ulaya walinung'unika kuwa ni unyang'anyi. Wagogo kwa upande wao waliona wageni wenye mamia ya vinywa wakitaka kumaliza maji ya msimu wa kiangazi.

Leo hongo ni rushwa, jambo la kufichwa chini ya meza. Iliyokuwa ada ya halali mikononi mwa mtemi imekuwa jinai. Utawala wa kikoloni ulipochukua njia, visima na kodi, yule aliyekuwa na haki ya kudai hongo aliondolewa, na neno likabaki na maana ya malipo yasiyo na mwenyewe wa halali.

Pamba ya mtumwa juu ya mwili wa mtumwa

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu ya nguo. Pamba ya merikani ilitoka majimbo ya kusini mwa Marekani, na waliolima na kuichuma kabla ya mwaka 1865 walikuwa watumwa, wajukuu na vitukuu vya Waafrika. Ikasafirishwa kaskazini, ikasokotwa na kufumwa kwenye viwanda vya Massachusetts. Mjini Salem kwenyewe kampuni ya Naumkeag, iliyoanzishwa mwaka 1839, ilijenga kiwanda kikubwa cha mvuke. Kisha ikavuka bahari mbili kuja kununua pembe, na pamoja na pembe ikanunua watu.

Watu hao walipofika Unguja walivishwa nguo hiyohiyo. Kabla ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa kisheria, mtumwa wa kiume alijulikana kwa kipande cha merikani kiunoni, kichwa wazi, miguu mitupu. Mtumwa wa kike alijifunga merikani au kaniki, ile nguo ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Kanzu, kofia na viatu vilikuwa alama za muungwana. Kwa hiyo nguo ileile iliyokuwa utajiri katika nyumba ya mtemi wa Unyanyembe ilikuwa alama ya unyonge katika mitaa ya Ng'ambo.

Ndiyo maana uhuru ulipokuja, watu wengi waliutangaza kwa mavazi. Wanaume waliokuwa watumwa wakavaa kanzu na kofia. Wanawake wakaacha merikani na kaniki wakachukua kanga, vazi lililokuwa limeanza kushika pwani katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, na baadaye buibui. Historia ya kanga husimuliwa mara nyingi kwa uzuri wa rangi na misemo yake. Ni vizuri ikumbukwe pia kwamba ilipendwa kwa sababu ya kile ilichokiondoa mwilini.

Kiwanda kinahama, jina linabaki

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, vilikata njia ya pamba. Bandari za kusini zilizingirwa, viwanda vya kaskazini vikakosa mali ghafi, bei ikapanda. Unguja, wafanyabiashara walijaza pengo kwa nguo za Uingereza na India. Amani iliporudi, merikani ya Massachusetts ilirudi nayo, lakini haikurudi kwenye kiti chake cha zamani. Mjini Bombay viwanda vya kisasa vya pamba vilikuwa vimeanza tangu miaka ya 1850, vikiwa karibu zaidi na soko na vikiendeshwa na watu waliojua kwa karne nyingi nini pwani ya Afrika Mashariki inapenda. Kufikia miaka ya 1880, merikani nyingi iliyoshushwa Unguja ilikuwa imefumwa India.

Bado iliitwa merikani. Jina lilikuwa limekata kamba iliyolifunga na nchi. Lilianza kwa kujibu swali la nani ameileta, likaishia kujibu swali la ikoje: nzito, ngumu, haijapaushwa. Hata sasa, nchini Kenya, kitambaa cha pamba kilichotoka mashineni bila kupaushwa huitwa amerikani, hata kikiwa kimefumwa Eldoret au Thika.

Kuna waliopoteza katika mzunguko huu wote, nao ni wafumaji wa hapa. Magofu ya miji ya kale ya pwani, Kilwa ikiwamo, yametoa vipande vya vigae vilivyotobolewa katikati kwa ajili ya kusokotea nyuzi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo za mji huo zikiuzwa hadi Misri. Burton mwenyewe, katikati ya biashara ya merikani, aliwakuta wafumaji wa Unyamwezi wakiwa kazini kwenye vitanda vya mfumi. Nguo yao ilikuwa nene na ya kudumu, lakini mfumaji mmoja aliyekaa siku nyingi juu ya shuka moja hakuweza kushindana kwa bei na mashine ya mvuke. Hakuna aliyewakataza kufuma. Soko liliwaacha tu, hatua kwa hatua, hadi ufundi ukawa habari za wazee.

Mitumba

Marobota ya nguo yaliyobebwa mabegani na wapagazi yalikuwa na jina lake: mtumba, mitumba. Ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa kwa safari. Neno lilisubiri karibu karne moja likapata kazi mpya. Leo mitumba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya, Marekani na kwingineko, zikaja kwetu zimebanwa kwenye mabelo, na kufunguliwa kwenye masoko kama Karume, Gikomba au Owino mbele ya wanunuzi waliodamka mapema.

Katikati ya safari mbili hizo za mitumba palikuwa na jaribio la kufuma wenyewe. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwanza ikapata Mwatex, na Kenya ikaanzisha Rivatex mjini Eldoret katikati ya miaka ya 1970. Kwa muda, kanga, vitenge na shuka za wanafunzi zilitoka nyumbani. Kisha zikaja mashine kuchakaa bila vipuri, umeme wa kukatika, madeni, na masoko yaliyofunguliwa ghafla katika miaka ya 1980 na 1990. Mitumba ikaingia kwa mlango huo.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuelekea kuifuta mitumba ili viwanda vya nguo vipumue. Rwanda ilipandisha ushuru wake kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, na Washington ikatishia kuziondoa nchi husika katika mpango wa AGOA, ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, na Rwanda, iliyokataa, ikasimamishwa kuuza mavazi kwa utaratibu huo mwaka 2018. Mkataba wa mwaka 1833 uliwahakikishia Wamarekani ushuru mdogo kwa nguo zao mpya. Mgogoro wa mwaka 2018 ulihusu ushuru wa nguo zao kuukuu.

Hukumu ya sura hii ni fupi. Jina la nguo hutokana na anayeshika kitambaa kabla hakijafika sokoni: anayekisokota, anayekifuma, anayekisafirisha. Mvaaji huachiwa kupatana bei. Watu wa pwani na bara walikuwa wanunuzi hodari, waliojua ubora na kuvifanya viwanda vya mbali vifuate ladha yao, na lugha yao iligeuza nguo hiyo kuwa vipimo, mishahara na ada. Lakini pamba, mashine na jahazi havikuwa vyao, kwa hiyo wakavaa jina la mwingine.

Mahali pa kupima kama hali hiyo imebadilika si dukani. Ni kwenye vinu vya kuchambulia pamba vya Shinyanga na Simiyu, maana sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania bado inauzwa nje ikiwa pamba nyuzi, kabla haijawa nguo.